Kilima cha Georgetown na watu waliokilipia

Silver Spring, Maryland
12 Novemba

Mpendwa Mama Neema,

Salamu nyingi sana. Sisi huku hatujambo, watoto wazima, baridi ndiyo imeanza kuuma. Ujumbe wako nimeusikiliza wote. Kamati ya jubilei haikukosea kukukabidhi wewe kijitabu cha historia ya shule, maana nakujua: hutapanga majina ya wakuu wa shule na picha za majengo ukaita historia. Umeniuliza Wajesuiti wa huku, yaani mapadri wa Shirika la Yesu, wa Chuo Kikuu cha Georgetown, wameiandikaje historia yao, kwa kuwa umesikia kuna habari za watumwa ndani yake. Nitakujibu kwa kirefu. Tangu nianze kazi katika hospitali ya chuo hicho, jambo hili limenikaa moyoni.

Kwanza ujue mahali penyewe. Chuo na hospitali viko kwenye kilima kimoja juu ya mto Potomac, upande wa magharibi wa jiji la Washington. Ng'ambo ya mto ni Virginia. Nikitoka zamu ya usiku huwa sipandi basi mlangoni pa hospitali. Nakatiza kampasi kwa miguu hadi lango kuu, na ukishajua nani alilipia nini katika majengo yale, huwezi tena kupita bila kutazama.

Mwanzilishi ni John Carroll, mzaliwa wa Maryland, 1735. Enzi hizo Maryland ilikuwa koloni la Waingereza na Wakatoliki walikatazwa kuwa na shule zao, kwa hiyo wazazi wenye uwezo waliwavusha watoto bahari wakasome Ulaya kwa Wajesuiti. Carroll alivushwa hivyo hivyo, akasoma, akaingia shirika, akawa padri. Mwaka 1773 Papa Klementi XIV akalivunja Shirika la Yesu. Hebu fikiria, mtu ana miaka 38, na shirika alilolitolea maisha yake halipo tena. Akarudi nyumbani. Marekani ilipopata uhuru, aliona wazi kwamba Kanisa la nchi mpya haliwezi kuendelea kutegemea mapadri wa kutoka Ulaya, lazima kuwe na shule. Hati ya kiwanja cha kwanza pale kilimani ilipatikana tarehe 23 Januari 1789, na chuo kinaihesabu siku hiyo kuwa ndiyo ya kuzaliwa kwake. Mwaka huo huo Carroll alichaguliwa kuwa askofu wa kwanza Mkatoliki wa Marekani. Sanamu yake ya shaba imekaa kitini mbele ya jengo kuu, na wanafunzi humpandia mapajani kupiga picha za mahafali.

Mwanafunzi wa kwanza, William Gaston, mtoto wa miaka 13 kutoka North Carolina, aliripoti 1791. Jengo liitwalo Old North, lililokamilika 1795, bado lipo na bado linatumika. George Washington mwenyewe alifika pale 1797. Wajesuiti nao walirudi Maryland mwaka 1805 kwa mlango usioutegemea: Malkia Katarina wa Urusi alikuwa amekataa amri ya Papa isitangazwe nchini mwake, hivyo shirika likabaki hai huko, na mapadri wazee wa Maryland wakaungana nalo kupitia Urusi. Kisha 1815 Rais James Madison akatia saini sheria ya kukipa chuo mamlaka ya kutoa shahada.

Hayo ndiyo yaliyokuwa yakisimuliwa siku zote, na ni ya kweli. Sasa uliza lile swali ambalo wewe huwauliza wanafunzi wako kila mara: chakula kilitoka wapi?

Shirika lilimiliki mashamba makubwa kusini mwa Maryland. Majina yake ni White Marsh, St. Inigoes, Newtown, St. Thomas Manor. Waliolima ni watumwa, mali ya mapadri, waliobatizwa na mapadri hao hao, wakaungama kwao na kuamrishwa nao. Mapato ya mashamba hayo ndiyo yaliyotegemewa kukibeba chuo. Kufikia miaka ya 1830 mashamba yalikuwa hayaleti faida ya maana na chuo kilikuwa kimezama katika madeni ya ujenzi. Padri Thomas Mulledy, aliyekuwa mkuu wa chuo na baadaye mkuu wa Wajesuiti wa Maryland, aliamua kuuza watu na kubaki na ardhi.

Tarehe 19 Juni 1838 alitia saini mkataba wa kuwauza watu 272 kwa dola 115,000. Wanunuzi walikuwa Henry Johnson, aliyepata kuwa gavana wa Louisiana, na Jesse Batey. Mkuu wa shirika zima huko Roma, Jan Roothaan, alitoa kibali kwa masharti: familia zisitenganishwe, watu waachwe waishi dini yao, na fedha zisitumike kulipa madeni. Masharti hayo yalivunjwa. Katika malipo ya kwanza, dola kama 17,000 zilikwenda moja kwa moja kupunguza deni la chuo.

Mkataba wenyewe nimeusoma, kwa kuwa chuo kimeuweka wazi mtandaoni pamoja na nyaraka nyingine nyingi. Ni mwandiko mzuri wa kalamu ya wino, majina yamefuatana na umri wa kila mtu. Unaanza na Isaac, mwanamume wa miaka 65. Anafuata Charles, mwanawe mkubwa, miaka 40. Wapo watoto wadogo kabisa. Mbele kidogo yuko Cornelius, miaka 13. Hapo nilisimama, Mama Neema, maana miaka 13 ndiyo aliyokuwa nayo William Gaston alipopokelewa chuoni. Gaston ana ukumbi mkubwa wenye jina lake, uliochorwa kuta zote, na marais wa nchi hualikwa kuhutubia pale. Cornelius alipelekwa Louisiana, akaishi utumwani hadi vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha, na kwa zaidi ya miaka 170 hakuna aliyemtaja pale kilimani.

Padri mmoja aliyekuwa kwenye mashamba, Peter Havermans, aliandika barua Roma kueleza alichokiona. Mwanamke mmoja mjamzito alimjia, akapiga magoti kuomba baraka ya mwisho, akamuuliza kama yupo mtu mwenye sababu ya kukata tamaa kuliko yeye. Padri mwingine aliwatonya watu wakimbilie msituni, na wapo waliokimbia. Novemba ile ile meli iitwayo Katharine Jackson iling'oa nanga Alexandria na watu wengi wa orodha hiyo ndani yake, ikafika New Orleans Desemba. Alexandria iko upande wa chini wa mto huu huu. Ukisimama nyuma ya maktaba ukatazama maji yanakoelekea, ndiko huko.

Wewe wa Bagamoyo huhitaji kuelezwa maana ya watu kusubiri ufukweni wapakiwe. Ila nimewaza sana jambo moja. Kwenu mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakawa wanawakomboa watoto kwa fedha na kuwajengea kijiji. Miaka 30 kabla ya hapo, katika Kanisa hilo hilo, mapadri wa huku walikuwa wanauza. Yote mawili ni kweli, na wanafunzi wako wanastahili kuyajua yote mawili.

Habari za mauzo zilizua hasira hata miongoni mwa Wajesuiti wenyewe. Mulledy aliitwa Roma, akawekwa katika mji wa Nice, Ulaya, miaka kadhaa. Baadaye alirudi Marekani, na mwaka 1843 akawa mkuu wa kwanza wa chuo kipya cha Holy Cross huko Massachusetts. Mwaka uliofuata chuo hicho kikapokea watoto wa mkulima mmoja Mwairishi wa Georgia. Baba yao alikuwa na shamba na watumwa, na mama yao, Eliza, alikuwa mmoja wa watumwa hao. Kwa sheria ya Georgia hawakuruhusiwa kuoana, na mtoto alifuata hali ya mama, kwa hiyo wale wavulana kisheria walikuwa watumwa. Mmoja wao aliitwa Patrick Healy. Mtu aliyewauza akina Isaac ndiye aliyekuwa mkuu wa shule iliyompokea mtoto huyu. Sijui Mungu huwa anapangaje mambo, lakini hili siwezi kulipita haraka.

Patrick alijiunga na Wajesuiti 1850, mwaka ule ule wazazi wake walipofariki, mama yake akiwa bado mtumwa mbele ya sheria. Alisoma Ulaya na kupata udaktari wa falsafa Leuven, Ubelgiji, mwaka 1865. Anahesabiwa kuwa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Afrika kufika daraja hilo. Mwaka 1874 akawa mkuu wa Georgetown. Wakubwa wake katika shirika walijua asili yake. Wazazi na wanafunzi wengi walimwona Mwairishi tu, kwa kuwa rangi yake ilikuwa nyeupe, naye hakulisema jambo hilo hadharani. Kaka yake James aliwekwa kuwa askofu wa Portland, jimbo la Maine, 1875.

Unachokiona leo katika picha za Georgetown, lile jengo refu la mawe meusi lenye mnara wa saa, ni kazi ya Healy na lina jina lake. Msingi uliwekwa 1877 na kufikia 1879 kuta na minara ilikuwa imesimama. Waliolisanifu, Smithmeyer na Pelz, ndio waliosanifu pia Maktaba ya Bunge la Marekani. Kabla yake chuo kilitazama mto. Healy aliligeuza jengo lake liutazame mji mkuu, na nia yake ilikuwa kukitoa chuo katika hali ya shule ya bweni na kukifanya chuo kikuu kweli. Fedha zikamwishia kuta zikiwa hazijakamilika ndani. Alisafiri hadi California kuchangisha, akaugua, akaacha uongozi 1882. Vyumba vingine vilingoja miaka mingi kumaliziwa. Alifariki 1910, akazikwa katika makaburi ya Wajesuiti ndani ya kampasi. Nimelifikia kaburi lake. Ni jiwe dogo sawa na mengine yote ya safu ile, halizidi goti, jina na tarehe kwa Kilatini, na wanafunzi wanapita pembeni na vikombe vyao vya kahawa wakienda darasani.

Pamoja na hayo yote, chuo hicho hicho hakikupokea mwanafunzi mweusi wa shahada ya kwanza hadi 1950. Miaka 76 tangu mwana wa Eliza akikalie kiti cha mkuu wa chuo. Hili lazima liandikwe kwa wino mzito.

Nimeruka vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, ambavyo nusura vikifunge chuo. Wanafunzi wengi walikuwa wa kusini wakaenda kupigania kusini. Wanajeshi wa serikali wakapiga kambi kampasini, kisha majengo yakageuzwa hospitali ya majeruhi. Rangi za chuo hadi leo ni buluu na kijivu, rangi za sare za majeshi yale mawili.

Ukuaji wa baadaye nitaupitia kwa haraka, maana ni hadithi ya vyuo vingi. Shule ya utabibu ilifunguliwa 1851, ya sheria 1870, hospitali 1898, ya uuguzi 1903, ya mambo ya nchi za nje 1919 chini ya Padri Edmund Walsh, na huko ndiko Bill Clinton alikohitimu 1968. Wanawake walifunguliwa milango yote ya shahada ya kwanza mwaka 1969. Kilima hakina pa kutanukia: huku mto, huku nyumba za watu wenye fedha na sauti, kwa hiyo wanachimba chini na kupandisha juu. Jumba la mazoezi la Yates, la 1979, limefukiwa ardhini na juu ya paa lake wakaweka uwanja wa mpira. Maktaba ya Lauinger, 1970, ni zege tupu, na wengi wanaichukia. Mimi naipenda, ukikaa ghorofa za juu unauona mto wote. Tangu 2005 wana kampasi nyingine Doha, Qatar. Na Baba Neema umwambie kwamba Dikembe Mutombo, yule mrefu wa Kinshasa, alisoma hapa; alikuja na ndoto ya udaktari, akaishia kuwa nyota wa mpira wa kikapu na mhitimu wa mwaka 1991, kisha akaenda kuijengea Kinshasa hospitali kwa jina la mama yake.

Jambo moja kwa wanafunzi wako wa Kiislamu. Jirani na kampasi, mtaa wa Dent Place, alikaa mzee aitwaye Yarrow Mamout, Mfulani aliyeletwa kutoka Afrika Magharibi akiwa kijana mwaka 1752, akatumikishwa zaidi ya miaka 40, akapata uhuru 1796, akanunua kiwanja chake 1800. Alisali sala zake pale pale, watu wa Georgetown wakimwona, hadi alipofariki 1823. Picha yake ya rangi ya mwaka 1822 iko katika maktaba ya mtaa. Amevaa kofia ya kufuma na ana uso wa mtu aliyeridhika na nafsi yake. Mwaka 2023 chuo cha Wajesuiti kiliuzindua msikiti wake wa kampasini na kuupa jina lake. Nilipoona jina hilo mlangoni nilifurahi kana kwamba ni babu yangu.

Sasa nije kwenye swali lako lenyewe, waliandikaje. Wanahistoria wachache walilijua suala la 1838 siku zote na waliliandika vitabuni, ila halikuwa kwenye historia inayotundikwa ukutani. Mwaka 2015 bweni la zamani lenye jina la Mulledy lilikuwa linafunguliwa upya baada ya ukarabati. Mkuu wa chuo wakati huo, John DeGioia, aliunda kikundi cha kulichunguza jambo zima. Novemba wanafunzi wakaketi nje ya ofisi yake wakidai jina la Mulledy liondolewe, na likaondolewa. Mwaka uliofuata wazao wa wale 272 wakaanza kupatikana, wengi wao katika mji mdogo wa Maringouin, Louisiana, na wengi bado ni Wakatoliki. Dini waliyopewa na waliowauza, wao waliishika.

Tarehe 18 Aprili 2017 kulifanyika ibada ya toba katika ukumbi ule ule wa Gaston, na Padri Timothy Kesicki, kiongozi wa Wajesuiti, akawaomba radhi wazao waliokuwa wamekaa mbele yake. Siku hiyo bweni lilipewa jina la Isaac Hawkins, yule wa kwanza kwenye orodha. Jengo la jirani likapewa jina la Anne Marie Becraft, mwanamke mweusi aliyefungua shule ya wasichana weusi hapo Georgetown katika miaka ya 1820, kisha akaingia utawa Baltimore. Mwaka 2019 wanafunzi walipiga kura ya maoni, theluthi mbili wakakubali kujitoza dola 27.20 kila muhula kwa ajili ya wazao. Mimi naona hiyo ndiyo saa nzuri kuliko zote katika historia ya kilima kile. Kura haikuwa na nguvu ya kisheria, na chuo badala yake kikaanzisha mfuko wake wa dola 400,000 kwa mwaka. Mwaka 2021 Wajesuiti wakaahidi dola milioni 100 kwa taasisi wanayoiendesha pamoja na wazao. Wapo wazao wanaosema fedha zinakuja polepole mno na sauti yao haisikilizwi vya kutosha. Nawaelewa. Aliyedhulumiwa hapaswi kuambiwa asubiri.

Lakini lililowezesha yote ni daftari. Wale mapadri waliandika kila kitu: ubatizo, ndoa, vifo, viatu vilivyogawiwa, nani kauzwa kwa nani. Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni wa kazi tu. Kabla hujagusa picha za wakuu wa shule, nenda parokiani uombe vitabu vya ubatizo, na ofisini uombe daftari za mishahara za zamani kabla mchwa hawajazimaliza. Tafuta waliofyatua matofali, na familia zilizohamishwa kupisha viwanja vya michezo. Yule mpishi mzee uliyewahi kuniambia yuko Dunda, mfuate wiki hii na simu yako urekodi, umwulize majina kamili ya wenzake wote wa jikoni na kila mmoja alitokea kijiji gani. Wakuu wa shule hawatapotea, picha zao ziko kwenye fremu.

Kamati ikikuambia kurasa hazitoshi, nijulishe. Nitachangia gharama ya kurasa za majina, na nitawaomba wenzetu tuliosoma wote walioko huku wachangie pia.

Nisalimie Baba Neema na watoto, na mama mkubwa kama bado yuko kwenu. Nitumie sura ya kwanza ukishaiandika, hata kama haijanyooka.

Wako,
Mama Baraka